Alama Moja ya Hamira

Jioni alipoambiwa kwamba yeye ni alama moja, Hamira alikuwa ametoka kuuzunguka uwanja kwa kiti chake cha magurudumu mara ishirini bila kusimama, na kwa mara ya kwanza tangu aanze mazoezi hakuwa wa mwisho. Jasho lilikuwa limemlowesha mpaka kope. Alikuwa bado anaonja utamu wa kuhema kwake, maana kuna kuhema kwa ugonjwa na kuna kuhema kwa kazi, na anayejua tofauti yake ni yule aliyevipitia vyote viwili. Ndipo kocha akachukua chaki, akaandika ubaoni majina ya watano watakaoanza mechi ya mpira wa kikapu ya Jumamosi, na mbele ya kila jina akaweka alama.

"Mnara, nne na nusu," alisoma. "Mwalimu, nne. Karani, tatu. Pacha, moja na nusu. Hamira, moja. Ijumaa mkaguzi anakuja kuzithibitisha. Atakayechelewa asinilaumu."

Wengine wakaitikia, wakaanza kufungua mikanda ya viti vyao na kucheka yao. Hamira alibaki anautazama ubao. Alijua kuwa alama hutolewa kwa kadiri mwili wa mtu unavyomtii. Mnara alikatwa mguu mmoja chini ya goti, lakini kuanzia hapo kwenda juu ni mwamba. Akiinama kuokota mpira anainuka kama mlango wenye springi. Hamira mwenyewe, tangu ule uti wa mgongo uvunjike, chini ya kifua umeme ulikuwa umekatika. Hayo aliyajua. Lakini kuyajua moyoni ni jambo moja, kuyaona yameandikwa kwa chaki, wewe ukiwa mkiani, ni jambo jingine.

Jina la Hamira hakupewa na wazazi. Alipewa kwenye kiwanda kidogo cha mikate, alikokanda unga kwa miaka tisa, kwa sababu kila alipoingia zamu watu waliinuka na kuchangamka. Miaka miwili iliyopita, asubuhi moja ya kazi, ngazi ya stoo iliteleza naye akiwa juu anashusha gunia la unga. Aliangukia mgongo kwenye ukingo wa beseni la chuma. Basi. Kilichofuata ni hospitali, na mtaalamu wa viungo aliyemwambia, "Dada, kuanzia leo mabega ndiyo miguu yako. Yalishe kazi." Halafu akarudi nyumbani kwa mama yake, fundi cherehani, yeye na binti yake wa miaka saba, kwa kuwa mumewe ni dereva wa lori na safari zake hazina kalenda.

Mabega hayakulishwa kazi. Yalilishwa mto na kochi. Kwa mwaka mzima na zaidi Hamira alikaa pembeni ya cherehani ya mama yake, akanenepa bila kutaka, akachoka kwa kutoka tu kitandani hadi kwenye kiti. Kidonda kiliota makalioni bila yeye kukisikia, kikamlaza wiki sita. Mpaka siku Mnara alipoingia pale, mrefu hata akiwa amekaa, kuleta jezi iliyochanika. Alimwangalia Hamira mikono.

"Mikono hii imefanya kazi gani, mwenzangu?"

"Imekanda unga. Miaka tisa."

"Na sasa inakanda nini?"

"Rimoti," alijibu Hamira.

Mnara alicheka mpaka akashika ukuta. Alipoondoka aliacha jezi ya kushonwa na saa ya mazoezi.

Siku ya kwanza Hamira alifika kwenye geti la uwanja, akakataa kuingia. Alikaa nje saa nzima akijifanya anasubiri mtu. Kwa bahati mbaya siku hiyo ndiyo kocha alikuwa akiwaeleza wageni sheria zote za mchezo, moja baada ya nyingine, na tabia ya kocha ni kueleza mara moja tu. Siku ya pili aliingia, akaangushwa na kiti chake mwenyewe, akafundishwa kuanguka na kuinuka. Kwa miezi miwili alisukuma, alikata kona, alijifunza kusimamisha kiti ghafla bila kuchubua viganja. Kocha alidhani Mnara amekwisha kumweleza zile sheria za siku ya kwanza. Mnara alidhani kocha amemweleza. Na Hamira hakujua kwamba kuna kitu hajaelezwa. Utauliza vipi usichojua kama kipo?

Alilojua ni mabadiliko yake. Sasa alijihamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti kabla mama hajapiga miayo. Alijinyanyua kwa mikono kila baada ya nusu saa, kidonda hakikurudi. Usingizi ulimchukua wenyewe. Binti yake alipanda mapajani wakaenda dukani, na njiani binti alitoa amri, "Ongeza mwendo, Mama, tunapitwa na baiskeli!" Hamira alijiona amepanda. Leo anaambiwa yeye ni moja.

Alifika nyumbani uso umefunga. Mama yake aliinua mguu kwenye pedali ya cherehani.

"Nani kakuudhi?"

"Hakuna."

"Huyo Hakuna anakaa wapi, nimfuate?"

Hamira akasema. Mama alivua miwani, akaiweka juu ya kitambaa, ishara kwamba mambo ni makubwa.

"Moja? Mwanangu mimi? Hata darasa la kwanza ulipougua surua hukupata moja! Na huyo wa mguu mmoja kapewa ngapi?"

"Nne na nusu."

"Ana mguu mmoja, ana nne na nusu. Wewe una yote miwili, una moja. Hiyo ni hesabu ya wapi?"

Binti aliinua kichwa kutoka kwenye daftari lake. "Bibi, moja ni namba ndogo kuliko zote. Isipokuwa sifuri."

"Tumekusikia, mama mwalimu. Endelea na kazi yako."

Hamira alijaribu kucheka, akashindwa. "Mama, naogopa Jumamosi. Mtu wa alama moja si ndiye wa kwanza kuondolewa? Wameniandika kwenye watano kwa huruma. Mkaguzi akithibitisha kwamba mimi ni moja, nitakaa pembeni nishike chupa za maji. Nikianza kukaa pembeni, Mama, najijua. Nitarudi kwenye hili kochi."

Mama aligeuka kwenye kiti chake. Alimtazama bintiye muda mrefu, jinsi tumbo lilivyolegea na kiwiliwili kinavyotafuta pa kuegemea. Alimtazama kwa jicho la kazi.

"Tatizo ni kukaa wima?"

"Ndiyo. Nikiinua mikono yote miwili naanguka upande."

"Basi hilo si la madaktari. Hilo ni langu." Alivuta futi ya kupimia kutoka shingoni. "Nimeshona magauni ya maharusi yaliyosimama yenyewe, bibi harusi bado yuko bafuni. Nyoosha mikono."

Akafanya kazi siku tatu. Alikata ndoo ya plastiki iliyopasuka vipande virefu vyembamba, akavichonga ncha, akavifunika kwa kitambaa cha pamba na kuvishonea ndani ya fulana moja nene, kipande baada ya kipande, kama mbavu za mwavuli. Nyuma aliweka kamba za kukazia. Hamira alipovaa na mama alipokaza, alikaa wima kama msumari. Aliinua mkono mmoja, halafu yote miwili. Hakuanguka! Binti alipiga makofi. Juu yake walimvalisha jezi, na hakuna aliyeweza kujua.

"Akili ni nywele," alisema mama akikusanya vipande vya ndoo. "Na mimi sijapata upara."

Ijumaa mkaguzi alikuja. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa kwa kamba shingoni, anaongea polepole kama mtu anayepima dawa. Aliwaita mmoja mmoja katikati ya uwanja. Inama mbele, inuka. Geuka kulia, geuka kushoto. Okota mpira chini. Rusha kwa mikono miwili. Mnara akapata nne na nusu yake, Mwalimu nne, Karani tatu, Pacha moja na nusu. Wakasogea pembeni wanataniana kama watu waliomaliza mtihani rahisi.

Zamu ya Hamira ikafika. Mama yake na binti walikuwa wamekaa kwenye ngazi za saruji, mama ameshika mkoba kwa mikono yote miwili. Hamira aliinua mikono. Wima. Alirusha mpira. Wima. Aligeuka, na zile mbavu za ndoo zikamrudisha katikati kwa utii mkubwa. Mkaguzi alikunja kipaji. Aliandika, akafuta, akamwambia arudie. Akaandika tena.

"Ajabu kidogo," alisema. "Faili la hospitali linasema vingine. Lakini mimi naandika ninachokiona. Mbili."

Vigelegele vya mama vilipasua uwanja. Vilikwenda, vikapiga ukuta wa mbali, vikarudi peke yao, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyeitikia.

Kocha alikaa juu ya sanduku la mipira kama aliyekatwa miguu pale pale. Mnara alisukuma kiti hadi kwa Hamira.

"Shoga, umefanya nini?"

"Nimepanda! Hukusikia? Mbili!"

"Umepanda, sisi sote tumeporomoka. Kumi na nne, Hamira! Kumi na nne!"

"Kumi na nne nini?"

Mnara akamwangalia kocha. Kocha akamwangalia Mnara. Kila mmoja akauona uso wa mwenzake ukielewa.

"Hukumwambia?" waliulizana kwa pamoja.

Ndipo kocha akaeleza, kwa mara ya pili katika maisha yake. Watano walioko uwanjani, alama zao zikijumlishwa, zisizidi kumi na nne. Zikizidi hata nusu, timu haichezi. Sheria iliwekwa makusudi, ili watu wasijikusanye wenye nguvu watupu na kuwaacha wengine majumbani. Nne na nusu, nne, tatu, moja na nusu: tayari ni kumi na tatu. Nafasi iliyobaki ni moja. Si mbili. Moja.

"Nimetafuta moja mwaka mzima," kocha alisema, sauti yake inataka kulia na kucheka. "Nimezunguka hospitali tatu nauliza, jamani, hamna moja? Watu wananiona kichaa. Moja yako ndiyo inayomweka Mnara na Mwalimu uwanjani pamoja. Ukiwa mbili, mmoja wao abaki nje, au ubaki wewe, na mwingine wa moja sina. Kesho hatuna timu."

Hamira alihesabu tena kwa vidole. Kumbe hakuandikwa kwa huruma. Aliandikwa kwa sababu bila yeye hesabu haifungi.

"Na mtu akisema kwamba… kwamba kulikuwa na makosa kidogo?" aliuliza taratibu.

"Makosa gani?"

"Tuseme amevaa kitu."

Kocha alifumba macho. "Hamira. Anayemdanganya mkaguzi hufungiwa msimu mzima."

Mama alikuwa ameshashuka ngazini, amesikia yote. Aliinama sikioni mwa bintiye. "Nyamaza, mwanangu. Utacheza mwakani. Mbili si haba, na aibu haifutiki kwa sabuni."

Mkaguzi alikuwa anafunga mkoba wake. Hamira alimtazama, akawatazama wenzake. Mwalimu alikuwa ameshaanza kuvua glovu. Akinyamaza, kesho hakuna mechi, lakini atabaki mtu wa mbili, mwenye kukaa wima, na hakuna atakayejua. Akisema, huenda asicheze mwaka mzima, na watamwona wote jinsi alivyo hasa. Alishika magurudumu. Yale mabega yaliyokanda unga yakafanya kazi yake.

"Dada mkaguzi! Samahani. Naomba unikague tena."

"Nimeshamaliza, dada."

"Hukunikagua mimi. Umekagua ndoo."

Mkaguzi akageuka.

"Mama," Hamira alisema, "lete mkasi."

Mama alifungua mkoba, maana fundi hatembei bila mkasi. Aliinua jezi kidogo nyuma, akakata kamba moja, ya pili, ya tatu. Kila kamba ilipoachia, Hamira alishuka kidogo. Ya mwisho ilipokatika, akainua mikono yote miwili mbele ya uwanja mzima, bila kuambiwa, na mwili wake ukaenda upande kama gunia lililofunguliwa mdomo. Mnara alitaka kumdaka.

"Mwache!" alisema Hamira. "Aone."

Akaangukia juu ya gurudumu, akalishika, akajivuta kwa mkono mmoja mpaka akarudi. Mkaguzi alisogea, akaitoa ile fulana chini ya jezi, akaigeuza huku na huku, akazipapasa mbavu za plastiki.

"Nani kashona?"

"Mimi," mama alisema. "Kosa ni langu. Mfungieni fundi, mwacheni mteja."

Mkaguzi alimwinamia Hamira, akatazama ubavu wake. Palikuwa na mstari mwekundu, mrefu kama kidole. "Unausikia huu?"

"Siusikii."

"Ingechukua saa mbili zaidi, ungekuwa kidonda. Mama, kazi yako ni nzuri, lakini mahali asiposikia hapafichwi kitu kigumu. Umenielewa?" Mama aliitikia kwa kichwa kama mtoto wa shule. Mkaguzi alivaa miwani, akafungua kitabu cha sheria, akasoma ukurasa, akarudi nyuma, akasoma mwingine. Kocha alikuwa ameshika kichwa.

"Miaka kumi na moja nafanya kazi hii," mkaguzi alisema hatimaye. "Nimedanganywa kila namna. Yuko mmoja aliyeniapia kwamba mkono wake umepooza, nyuki akatua shingoni mwake, naye akamuua kwa mkono ule ule. Wote walijifanya dhaifu kuliko walivyo, wapate alama ndogo. Sheria inasema, anayejishusha afungiwe." Alifunga kitabu. "Anayejipandisha, hakuna aliyewahi kumfikiria. Wewe ni wa kwanza."

"Kwa hiyo?" kocha aliuliza.

"Kwa hiyo, moja. Moja safi, sina shaka hata kidogo. Na siku nyingine akitaka kufunga mkanda, afunge wa wazi, wa kitambaa laini, juu ya jezi, kila mtu auone. Unaruhusiwa."

Safari hii vigelegele vya mama vilipata wenzake.

Jumamosi Hamira aliingia uwanjani na mkanda mpana wa njano, uliomfunga kifuani hadi kwenye kiti, ulioonekana hata na walioko barabarani. Wapinzani walikuwa na mchezaji mmoja mpana, mabega kama kabati, wenyewe wakimwita Trekta. Kocha aliinama kabla ya filimbi.

"Hamira, wewe huna haja ya mpira. Unamwona Trekta? Popote anapotaka kupita, ufike kabla yake, uweke kiti chako. Asubiri foleni."

"Akinigonga?"

"Umefundishwa kuanguka."

Alimgonga. Dakika ya pili tu, chuma kikalia kwa chuma, Hamira akajikuta chali anatazama paa la uwanja. Binti yake akapiga kelele za hofu, kisha alipoona mama yake ameinuka kwa mkono mmoja, za furaha. Mara ya pili Hamira alifika mapema, akakata kona, akaziba njia kwa kiti. Trekta akakwama nyuma yake kama lori kwenye daraja bovu, na Mnara akapita peke yake hadi chini ya kikapu. Mbili kwa sifuri!

"Nani kafunga?" mama aliuliza jirani yake kwenye ngazi.

"Yule mrefu."

"Mrefu alirusha tu," mama alisema. "Aliyefunga ni yule wa njano."

Waliendelea hivyo, wakipata, wakikosa. Wakati mwingine Trekta alizunguka upande wa pili, akampata Hamira bado anageuza, akatia mpira kikapuni huku anacheka. Robo ya tatu ikaisha wakiwa sare. Hamira alikuwa amekwisha. Mikono ilimwaka kuanzia kiganja hadi shingoni, mate yamekauka. Alisogea pembeni, akamwonyesha kocha kwa kidole: nitoe.

Kocha akatikisa kichwa.

"Dakika mbili tu, kocha. Nipate pumzi."

"Nikikutoa wewe, anayeingia ni wa alama nyingi, natoa na Mnara. Hesabu haifungi."

Mama alishuka ngazi mbili mbili. "Wewe kijana, huoni mtoto wangu anahema?"

"Naona, mama."

"Mpumzishe!"

"Siwezi, mama. Timu nzima hii, huyu ndiye peke yake asiyeweza kutoka."

Mama hakujua alie au apige vigelegele, basi akachukua chupa ya maji kutoka mkononi mwa kocha, akammiminia bintiye kichwani, yote, kama anayemwagilia mche. Hamira alipiga ukelele, akacheka, akajikung'uta.

"Haya, nenda," mama alisema. "Si umesikia? Huna mbadala."

Filimbi ililia. Hamira alifuta viganja mapajani, akasukuma mara tatu kwa nguvu, akafika mbele ya Trekta kabla Trekta hajaamua upande wa kwenda. Trekta alisimama, jasho linamtiririka, akamtazama kwa uchovu wa kweli.

"Dada," alisema, "wewe hutolewi?"

"Ningependa," Hamira alijibu, akikaza kiti chake pale pale. "Lakini wamenikatalia."